Muganga wa familia tunaye tayari, anaitwa titulaire

Maneno ya kikundi chetu cha afya mbele ya vijana wa Butembo. Tunayaandika hapa kama yalivyosemwa, tumetoa tu marudio.

Tunajua kuko wenye wameacha moto yao nje na wanahesabu saa, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Tumezoea kukutana juu ya usalama, juu ya barabara, juu ya maji na umeme. Leo tunaongea juu ya santre, ile kituo kidogo cha afya yenye iko karibu na kila mumoja wetu, yenye benchi ya mbao mbele na karatasi ya chanjo kwenye ukuta. Juu ya nini leo? Juu serikali iko na mupango mukubwa wa kupanga upya matunzo ya afya katika inchi, na tukinyamaza, utapangwa bila sisi, kisha tutaulizwa kulipa.

Mupango wenyewe unaitwa Couverture santé universelle. Kwa Kiswahili chetu: matunzo ya afya kwa watu wote. Uko na sheria, ile ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya, yenye ilirekebishwa mwaka 2023. Uko na mufuko wa mushikamano wenye unapashwa kulipia matunzo pahali pa familia. Na Septemba 2023, Raisi Félix Tshisekedi aliuanzisha Kinshasa kupitia mulango wa materniti: mama anazaa bure, na mutoto muchanga anatunzwa bure. Kisha ukaanza kwenda katika majimbo mengine, moja kwa moja.

Katika magrupe yetu ya WhatsApp kila mutu iko na neno lake. Kuko wanasema ni siasa tupu. Kuko wanasema tungoje tuone. Na kuko wenzetu, zaidi wale wenye ndugu Ulaya, wanauliza: mbona serikali isitupatie muganga wa familia kama Ubelgiji? Daktari mumoja mwenye anakujua, anamujua mama yako, iko na faili yako, na kabla ya kukimbilia hospitali unapitia kwake.

Swali hilo si la kuchekwa. Tunalichukua kwa uzito, na maneno yetu yote ya leo ni jibu lake. Huyo mutu tunaye. Si daktari, ni muuguzi. Anaitwa infirmier titulaire, sisi tunasema tu titulaire. Na mupango wote wa Kinshasa utasimama ao utaanguka kufuatana na namna huyu mutu mumoja atatendewa.

Tueleze kwanza nyumba yenyewe namna imejengwa, maana wengi wetu tuna diploma ya universite na hatujui tunaishi katika eneo gani la afya. Tuliuliza kidogo kabla ya kuanza: mikono iliyonyoshwa ilikuwa michache.

Inchi yetu imegawanywa katika zone za afya 519. Hapa katika muji tuko nazo mbili, Butembo na Katwa. Kila zone iko na biro yake, iko na daktari mukuu wa zone, ule tunaita MCZ, na iko na hospitali kuu moja. Ndani ya zone kuko maeneo ya afya, ile tunaita aire, kila moja kwa watu kama 10,000, katika muji mara nyingi zaidi. Na ndani ya kila aire kunapashwa kuwa santre moja yenye inafanya mambo ya musingi: kupokea wagonjwa, chanjo, kufuata mimba, kuzalisha, kupima watoto kama wanakomaa vizuri, kumufuata mugonjwa wa kifua kikuu mupaka amalize dawa. Yale yanapita nguvu ya santre ndiyo yanaenda hospitali kuu, na karatasi ya kutumwa.

Sasa musikilize hii, maana inatuhusu kama Wakongomani. Namna hii ya kupanga matunzo hatukuletewa ikiwa tayari kutoka Ulaya. Ilijaribiwa hapa. Kasongo, kule Maniema, ndugu zetu wa Kiswahili kabisa, katika miaka ya 1970 kulikuwa kazi iliyofanywa pamoja na chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerpen: santre ndogo zenye wauguzi wachache, karibu na watu, na hospitali moja nyuma yao ya kuzisaidia. Vanga, katika Bandundu ya zamani, hospitali ya misioni ilifanya kitu kama hicho. Mwaka 1978 dunia nzima ilikutana Alma-Ata kuzungumuza juu ya matunzo ya musingi kwa wote, na Zaire ilikuwa tayari na mifano ya kuonyesha. Katika miaka ya 1980 inchi ikagawanywa zone 306. Watu wa inchi zingine walisoma juu ya Kasongo katika vitabu vyao. Sisi tunapita mbele ya santre na hatujui kama ni urizi wetu.

Basi kama nyumba ilikuwa nzuri, nani aliitoboa paa?

Jibu fupi: serikali ilitoka, ikaacha watu ndani. Katika miaka ya 1990, mishahara ilikatika, dawa zikakatika, na musaada mwingi wa inje ukafungwa. Santre hazikufunga. Zilibaki wazi kwa sababu mugonjwa ndiye alianza kulipa kila kitu: fishi, kupimwa damu, dawa, pamba, hata kikaratasi cha kuandikia. Tangu 1987, kule Bamako, inchi za Afrika zilikuwa zimekubali kwamba watu wachange kidogo kwa dawa kusudi santre isikose. Kwetu ile "kidogo" ikageuka kuwa yote. Na mupaka leo familia zetu zinatoa kwa mifuko yao zaidi kuliko serikali inatoa.

Titulaire wa santre yako, mwenye unamuona na bluzi yake nyeupe, anaweza kuwa mumoja wa watu watatu. Anaweza kuwa na mushahara wa serikali. Anaweza kuwa hana mushahara lakini anapata prime, ile pesa kidogo ya kila mwezi, ikifika. Na anaweza kuwa hana mushahara wala prime, ameandikwa tu kwenye karatasi, anangoja matricule yake miaka na miaka. Wa tatu huyu anakula nini? Anakula fishi yako. Kila mwisho wa mwezi, makuta yenye ilibaki kwenye sanduku inagawanywa kati ya wafanyakazi. Na kabla ya kugawanywa, kipande kinapanda juu kwa biro, juu ya kusaidia kazi ya wakubwa wenye nao hawapati pesa ya kutosha kutoka Kinshasa.

Tunapenda muelewe hii vizuri, juu hapo ndipo hasira yetu inapotea njia. Mama anafika na mutoto mwenye homa, anaambiwa fishi ni kiasi fulani, na dawa ni kiasi fulani, anamutukana muuguzi, anaondoka, anaenda kununua kinini na parasetamoli kwa farmasi ya pembeni. Muuguzi naye anasema watu wa hii kartiye ni wabaya, hawalipi madeni. Wawili hao wanagombana kila siku, na mwenye anapashwa kulipa hayupo hata kwenye picha.

Sisi wa Butembo, Beni, Mangina, tuko na somo moja lenye inchi yote haina. Tulipata kuona kwa macho yetu nini inatokea wakati pesa inakuja, na wapi inaenda.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, katika zone ya Mabalako. Ilimalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliguswa, 2,287 wakafa. Katwa, yaani hapa, ilikuwa moja ya zone zilizoumia sana. Kila mutu katika sali hii iko na jina la mutu mumoja katika hesabu ile, hatuna lazima ya kuyataja.

Lakini katika ile miaka kulipita mambo mawili, na hatupendi yasahauliwe.

La kwanza: katika zone kadhaa, kuanzia Beni na Mabalako, serikali ilitangaza kama matunzo ni bure wakati wa ugonjwa. Na watu walikuja. Walijaa. Wenye malaria, wenye kuhara, bamama wenye mimba, wazee wenye walikuwa na ugonjwa wa miaka na hawakuwahi kuupeleka popote. Kwa miaka tuliambiwa kwamba watu wetu hawaendi santre juu ya ujinga, juu wanapenda miti shamba, juu ya maombi. Kumbe ilikuwa fishi. Fishi ilipotoka njiani, njia ilijaa. Kisha bure ikaisha, fishi ikarudi, na benchi zikarudi kuwa nusu.

La pili: zile gari. Munazikumbuka. Land Cruiser moja nyuma ya ingine, bendera za kila namna, watu wenye fulana zenye maandishi, na pesa ya kila siku kwa wenye walipata kazi ndani ya "riposte". Watu wakaipatia jina, "Ebola business", na jina likabaki. Hatusemi hakuna kazi ilifanywa. Kuko waliofanya kazi na wakafa: Daktari Richard Mouzoko, ndugu yetu kutoka Kameruni, aliuawa hapa Butembo tarehe 19 Aprili 2019, ndani ya hospitali, akiwa katika mukutano wa kazi. Hiyo ni haya yetu sote na tunaisema kila tunapoongea juu ya afya. Lakini ile kazi ilijengwa pembeni ya santre. Iliwekwa mahema yake, stoki yake ya dawa, mishahara yake. Muuguzi muzuri aliacha santre akaenda kulipwa kule, na nani anaweza kumulaumu? Mahema yakakunjwa, gari zikaondoka. Mwenye alipita tena mbele ya santre nyingi alikuta mulango uleule, kitanda cha kuzalia kilekile, na bomba bila maji.

Na wakati gari zinazunguka hapa kutafuta Ebola, katika inchi nzima surua, ile tunaita rougeole, ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba. Mwaka 2019 na 2020 iliua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wadogo. Hesabu mara tatu ya Ebola. Hakukuwa na bendera. Chanjo ya surua ni ya zamani, inajulikana, inatolewa wapi? Santre, mutoto akiwa na miezi 9, na muuguzi mwenye iko na friji inafanya kazi na daftari ya kujua nani hajakuja. Hakuna Land Cruiser inaweza kufanya kazi ya ile daftari.

Kwa hiyo tukisikia mupango wa matunzo kwa wote, swali letu la kwanza ni hili: pesa itapita kwa santre, ao itajengewa tena mahema yake pembeni?

Tuongee sasa juu ya kuzaa bure, maana ndiyo kipande cha mupango chenye kilianza.

Katika hii muji, na katika miji yote ya Kongo, kuko kitu tumekizoea mupaka hatukioni tena: mama anazaa, mara nyingi kwa kupasuliwa, fakture inashinda familia, na anabaki hospitali kama mufungwa. Mutoto yuko muzima, mama amepona, kitanda kinatakiwa na mwingine, lakini hawezi kutoka. Analala chini, kwenye korido, anakula cha kuombaomba. Hospitali inageuka buloko. Sisi wenyewe, kama kikundi, tulishachanga, franga 500, franga 1,000, tukaenda kulipia mama mumoja kwa hospitali moja yenye hatutaitaja. Alikuwa amemaliza wiki tatu tangu aambiwe amepona. Muhasibu alitupokea vizuri, akatuonyesha daftari. Alikuwa na majina mengi kuliko makuta yetu. Akatuuliza, bila ubaya: "Nikiwaachilia wote, kesho serum ninaitoa wapi?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Kuzaa bure kunasema kuko nalo jibu: mama hatalipa, santre ao hospitali itaandika kazi iliyofanya, itatuma hesabu kwa mufuko wa mushikamano, na mufuko utalipa bei iliyokubaliwa kwa kila uzazi. Kwa karatasi ni vizuri sana, tunaunga mukono bila kusita. Mwenye kusema kuzaa bure ni vibaya, aende kwanza alale kwenye ile korido.

Lakini tufuate ile karatasi mupaka mwisho. Titulaire amezalisha bamama 20 katika mwezi. Hakuchukua franga moja kwao. Anaandika hesabu, inaenda biro ya zone, inakaguliwa, inapanda jimbo, inapanda Kinshasa. Mwezi wa kwanza anatumia dawa alizokuwa nazo. Mwezi wa pili anakopa kwa farmasi ya jirani. Kama mwezi wa tatu pesa haijashuka, titulaire iko na njia mbili tu: kufunga mulango, ao kumwambia mama kwa sauti ya chini, "Kuzaa ni bure, lakini glavu utaleta wewe, na kamba, na dawa, na kitu kidogo cha kuosha." Na hapo bure imekufa, hata kama kwenye televizyo ingali inaishi. Mama atasema muuguzi ni mwizi. Naibu atakuja kusema muuguzi ni mwizi. Na mwenye alichelewesha pesa hatajulikana jina.

Hatusemi ndivyo itakuwa kila pahali. Tunasema hapo ndipo pa kuchunga. Inchi yetu ilikubali Abuja mwaka 2001 kwamba 15% ya bajeti iende kwa afya. Tunajua sote kwamba pesa yenye inaandikwa kwenye bajeti na pesa yenye inatoka kwenye banki ni ndugu wawili wasioonana mara nyingi. Na wale wa inje, tuliona Januari 2025: Marekani ilisimamisha misaada yake kwa siku chache tu za kutia sahihi, na watu wa hapa, pamoja na ndugu waliokimbia vita ya kusini mwa Lubero, ndio walisikia baridi. Dawa yenye inategemea uchaguzi wa Washington haiwezi kuitwa haki. Katiba yetu, kipengele cha 47, inasema afya ni haki iliyohakikishwa. Hatuombi zawadi.

Turudi kwa muganga wa familia.

Daktari kwa kila familia, leo, hatutampata, na mwenye anaahidi hivyo anatafuta kura. Madaktari wengi wanabanana katika miji mikubwa. Tena kuko jambo la ajabu zaidi: hapa Butembo, na fakilte ya udaktari tunayo, Graben, kuko madaktari vijana wamemaliza, wamekula kiapo, na hawana kazi. Wengine wako katika sali hii. Kamaradi mumoja amefungua kaposti kake ka matunzo katika nyumba ya vyumba viwili, anauza dawa ili alipe kodi. Mumesoma ubao mingapi ya namna hiyo kati ya rond-point na nyumba yenu? Kila daktari peke yake, kila mumoja na sanduku lake, hakuna mwenye anajua mugonjwa alipewa nini jana kwa mwenzake.

Sisi tunapendekeza hivi, na tutaandikia biro zote mbili za zone. Mugonjwa wa kartiye aanzie kwa santre yake, kwa titulaire mwenye anamujua. Kila familia iwe na faili yake pale, ikae pale, isiwe fishi ya kununua upya kila mara. Na daktari kijana mumoja apewe santre nne ao tano, azizunguke na moto, kila moja siku yake ya juma. Asichukue kiti cha titulaire. Amuangalie pamoja naye mama mwenye tansyo, muzee mwenye sukari, mutoto mwenye haongezi kilo, kesi zile zenye zimemushinda, na amuachie maarifa. Huyo daktari alipwe na mufuko uleule, kwa kazi iliyoonekana. Kuko madaktari wa Kongo wenye walisomea hasa udaktari wa familia, haiko kitu kigeni. Inakosa pahali pa kuwaweka na mutu wa kuwalipa.

Tunasikia sauti kule nyuma: "Na sisi wenye hatukusoma udaktari?" Hapo ndipo tulikuwa tunakuja.

Kila aire ya afya iko na kamati ya watu, inaitwa CODESA. Iko kwa kanuni za wizara, hatukuiunda sisi. Watu wa kartiye wanachagua wajumbe wao, wale ba-relais communautaires, na kutoka kwao CODESA inapatikana, na prezida wake. Kazi yake ni kusimamia santre pamoja na titulaire: kuona dawa zilizoingia na zilizotoka, kuona makuta ya sanduku, kusema bei ya matunzo ni ngapi na nani mumasikini kabisa asamehewe. Musome tena hiyo: kuona makuta ya sanduku. Ni haki ya jirani yako, leo, bila maandamano, bila gazi ya machozi.

Sasa nani anakaa katika CODESA ya kwako? Pengine ni wazee wenye walichaguliwa zamani na hakuna mutu alirudi kuwauliza. Pengine wanafanya kazi nzuri bila franga, wanatembea na kipaza sauti wakati wa chanjo, na sisi tunapita na moto tunawarushia mavumbi. Pengine mumoja amegeuka rafiki wa sanduku. Hatujui, juu hatujawahi kwenda. Kijana mwenye anaweza kusoma bajeti ya serikali kwenye telefone na kuipasua kwa komenti kumi, hajawahi kufungua daftari ya santre yenye iko mita mia mbili na kwao.

Kuko wenzetu hawataki, tuliwasikia tangu juma lililopita. Wanasema kuingia CODESA ni kufanya kazi ya serikali bure, na sisi tumechoka kufanya vya bure. Diploma iko kwenye sanduku, stashi haina mwisho. Tunaielewa hiyo hoja, iko na uzito, na hatutaifunika na maneno matamu. Kazi ya kujitolea imekuwa kwa inchi hii namna ya kutolipa watu. Kwa hiyo tunasema: tuingie kwa kazi ya macho, si kwa kazi ya mikono. Hatuendi kubeba maboksi ya chanjo pahali pa mutu mwenye anapashwa kulipwa kuyabeba. Tunaenda kuuliza hesabu, na kati ya maswali ya kwanza ni hili: reko wa aire hii wanalipwa nini na lini?

Tuko na mambo machache ya kudai, na tunayadai yote kwa santre kwanza, kabla ya Kinshasa. Bei zibandikwe kwenye ukuta, kwa Kiswahili na kwa Kinande, kwa herufi zenye muzee anaweza kusoma. Kila franga ipate risiti. Kila miezi mitatu, CODESA iseme mbele ya watu: iliingia hivi, ilitoka hivi, kwa biro kulipanda hivi, kutoka kwa serikali kulishuka hivi. Hata kama kulishuka sufuri, iandikwe sufuri. Karatasi za sufuri tukizikusanya kutoka aire zote za Butembo na Katwa, tutakuwa na kitu cha kupeleka kwa jimbo chenye hakuna msemaji anaweza kukikana. Na wauguzi wenye hawana matricule, tuandike ni wangapi, tangu mwaka gani wanangoja. Hiyo orodha tutaisoma kwa sauti mbele ya mulango, pamoja nao. Muuguzi akituona tunasimama upande wake kwa mushahara, atatufungulia daftari. Tukija kumuwinda kama mwizi, ataifunga, na tungekuwa yeye tungeifunga pia.

Kwa wauguzi wenye wako hapa: asante kwa kuja hata bila kualikwa vizuri. Tunajua kuko titulaire alituma neno kwamba vijana wa harakati wanataka kumufukuza. Mumupelekee salamu, mumwambie tutakuja Jumatano, mikono mitupu, na tutakaa kwenye benchi kama wagonjwa mupaka amalize kazi.

Kwenye meza karibu na mulango kuko karatasi mbili. Mwenye anakaa zone ya Katwa aandike kwa ile ya kushoto, mwenye anakaa zone ya Butembo kwa ile ya kuume. Andika jina, namba ya telefone, na jina la santre yako. Kama huijui santre yako, andika kanisa ao soko lenye liko karibu, tutaitafuta pamoja. Wawili wawili kwa kila aire, ikiwezekana kijana mumoja na binti mumoja, juu kuko mambo ya materniti yenye mama hatamwambia mwanaume, tusijidanganye. Juma hili kazi ni moja tu: kuuliza CODESA inakutana lini, na kuandika bei zenye zinalipwa leo. Musibishane na mutu. Musipige picha ya mugonjwa, hata akikubali.

Sasa maswali. Mama wa nyuma pale alinyosha mukono tangu tulipotaja Mangina, aanze yeye.